Mbona dawa ya sikoseli ilichelewa kutufikia?

Mama aliyekaa mbele yangu kliniki alitoa daftari la hesabu la mwanawe wa darasa la pili. Hesabu hakunionyesha. Alifungua kurasa za nyuma, alikojaza tarehe za siku ambazo mtoto hakwenda shule: miguu inauma, mgongo unauma, homa, damu imepungua wakalazwa. Tarehe tatu zilikuwa na duara. "Hizo alirudishwa nyumbani, dokta. Alijikojolea darasani."

Nianze na hilo la mkojo, maana wengi hawalijui. Mwenye sikoseli, au selimundu kama vitabu vinavyoita, ana seli nyekundu za damu ambazo zikikosa oksijeni hujipinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Zikishajipinda huwa ngumu, hunata na kuziba mishipa midogo. Ikiziba ya mifupa, ndiyo yale maumivu ya kulia usiku kucha. Ikiziba ya ubongo ni kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka mitano. Figo nazo huumia mapema, zikashindwa kurudisha maji mwilini, mkojo ukawa mwingi usiku na mchana. Na sisi huku tunamhimiza mtoto anywe maji sana, kwa sababu mwili ukikauka seli hujipinda zaidi. Mwalimu akimnyima ruhusa ya kwenda chooni, anamwadhibu kwa ugonjwa. Mzazi, omba barua kliniki umpelekee mwalimu mkuu.

Sasa dawa. Haidroksiyurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na baadaye sana ikatumika kwa saratani za damu. Kwenye sikoseli inafanya kazi nyingine. Sote tulipokuwa tumboni tulikuwa na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kichanga, ambayo hupungua baada ya kuzaliwa na kuipisha ya ukubwani. Ndiyo maana mtoto wa sikoseli huzaliwa akionekana mzima, na miezi kadhaa baadaye viganja na nyayo vikaanza kuvimba. Dawa hii huamsha upya ile himoglobini ya kichanga, ambayo huzizuia seli zisijipinde.

Mwaka 1995 utafiti wa Marekani uliohusisha watu wazima 299 ulionyesha kwamba vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 1998 dawa ikaidhinishwa huko. Lakini wagonjwa wengi wa sikoseli huzaliwa Afrika. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto kama 11,000 kila mwaka. Huku kwetu wengi waliendelea na foliki asidi, dawa za kutuliza maumivu na kuongezewa damu.

Bei ilichangia, sikatai. Ila palikuwa na hofu ya kitaalamu pia, nayo haikuwa ya kipuuzi. Dawa hii hushusha seli nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, na waliopimwa Marekani hawakuwa wanaishi na mbu wa malaria. Hapa watu huchanganya mambo: aliyerithi kinasaba, yaani chembe ya urithi, kimoja tu cha sikoseli hukingwa kiasi na malaria kali, jambo lililoonyeshwa na mtafiti Anthony Allison mwaka 1954. Aliyerithi viwili ndiye mgonjwa, na malaria ikimpata humshusha damu upesi mno. Je, tumpe dawa inayopunguza askari?

Jibu lilibidi litafutwe huku huku. Utafiti wa Kampala uliotoka 2017 uligawa watoto zaidi ya 200 makundi mawili, moja likapewa dawa, jingine vidonge visivyo na dawa. Malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti wa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale: watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10. Kwa kila watoto 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Malaria nayo ikapungua kwa nusu.

Niseme ukweli wa kazi yetu: REACH haikuwa na kundi la kulinganisha. Kila mtoto alilinganishwa na hali yake kabla ya dawa, na mtoto anayeonwa na daktari mara kwa mara hupata nafuu hata kwa kuonwa tu. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Utafiti mwingine wa Kampala, wa 2020, ulionyesha kwamba waliopandishiwa dozi taratibu walifanya vizuri kuliko walioachwa kwenye dozi ndogo. Kwa hiyo kile kidozi cha woga, tunachokitoa ili tusilaumiwe, hakimsaidii mtoto ipasavyo.

Wazazi huniuliza, "Si dawa ya kansa hii?" Ndiyo, hutumika huko pia, na ndiyo sababu tunapima damu mara kwa mara. Wengine huacha wiki ya tatu kwa kuwa maumivu yamerudi, ilhali inahitaji miezi kushika. Na wapo wanaonitajia tiba ya kuhariri vinasaba, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na ambayo Marekani inauzwa dola milioni 2.2. Huwa nawaambia, kwanza kidonge hiki kifike kila wilaya.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata akiwa na mumewe. Baba alisimama mlangoni. Kwao, alisema, ugonjwa huu haupo, umetoka upande wa mke. Nikamchorea kwenye karatasi: kinasaba kimoja cha mama, kimoja cha baba, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata vyote viwili. Akaitazama ile karatasi, akaketi, akakunja mkono wa shati ili atolewe damu.