Presha haingoji minada ya korosho: maswali na majibu kuhusu magonjwa sugu

Maswali haya ni ya aina inayojirudia kwenye mabenchi ya zahanati na kliniki, kuanzia Newala hadi Kilwa.

Magonjwa sugu ni yapi hasa?

Ni yale ambayo ukishayapata unaishi nayo: presha ya kupanda, kisukari, magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani, pumu na matatizo mengine ya muda mrefu ya mapafu, figo kushindwa kazi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 magonjwa yasiyoambukiza yaliua watu wasiopungua milioni 43 duniani. Moyo na mishipa ya damu peke yake ilichukua kama milioni 19.

Hayo si ya wenye nazo wa Dar es Salaam?

Zamani tuliamini hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta presha kwa asilimia 26 hivi na sukari ya juu kwa asilimia 9. Huo ni wastani wa nchi nzima, na utafiti wenyewe ni wa zamani sasa. Hata hivyo, ukiuchukua ulivyo, katika mkutano wa chama cha msingi cha wakulima wenye wanachama 100 wa miaka hiyo 25 hadi 64, kama 26 wana presha. Nenda siku ya kliniki uone nani amepanga foleni: mkulima, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu. Kwa kisukari, makadirio ya 2021 yalionesha watu wazima milioni 24 Afrika kusini mwa Sahara wanaishi nacho, na zaidi ya nusu yao hawajui.

Mimi mzima wa afya, napalilia shamba langu mwenyewe. Nipime kwa nini?

Kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Watu husubiri kichwa kigonge au kisogo kikaze, na wengi wenye 170 kwa 100 hawahisi lolote. Wakati huo damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu mchana na usiku. Kuta zinakakamaa, moyo unatanuka kwa kazi ya ziada, vichujio vya figo vinaharibika, macho yanaanza kufifia. Dalili ikija, mara nyingi inakuja na madhara tayari.

Kisukari angalau hupiga hodi: kiu, kukojoa sana usiku, kukonda, kidonda cha mguuni kisichopona. Nacho pia kinaweza kukaa miaka kimya.

Huku kwetu kuna kauli inayonitisha kuliko takwimu zote: “Nikiuza korosho nitakwenda.” Minada huanza Oktoba, halafu malipo nayo yana siku zake. Mtu anaahirisha tangu Machi jambo linalochukua dakika chache.

Nilipewa dawa, presha ikashuka, nikaziacha. Kuna ubaya?

Upo, na ni sababu mojawapo ya watu kuletwa hospitali usiku. Presha ilishuka kwa sababu ulikuwa unameza dawa. Ukiziacha inarudi kupanda, pengine bila wewe kujua. Dawa hazijauzoesha mwili wala hazijakufanya mtumwa wake. Ni kwamba ugonjwa wenyewe bado upo.

Wengi wana sababu wasiyoitaja mbele ya daktari. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Kaptoprili na enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Wanaume wanahofia nguvu zao. Mzee wangu, sema! Dawa za presha ziko za aina nyingi na hubadilishwa. Kama tatizo ni uhaba wa fedha wakati wa kiangazi, sema pia kabla vidonge havijaisha, maana zipo za zamani, nzuri na za bei nafuu. Mlonge na kitunguu saumu kula kama chakula, lakini visishike nafasi ya vidonge.

Hata kushuka kidogo kuna faida. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021 ulionesha kwamba kupunguza namba ya juu kwa 5 tu kwa kutumia dawa kunapunguza mashambulizi makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 10.

Bibi yetu aliamka mdomo umepinda. Wazee wanasema kapitiwa na upepo mbaya.

Mchukulieni kuwa ana kiharusi mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Mwambieni atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme maneno machache. Upande mmoja ukilegea au ulimi ukiwa mzito, tafuteni usafiri hapo hapo kwenda hospitali: Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao au ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, maana mtaulizwa. Msimpe chakula wala maji, atapaliwa. Msimpe asprini pia, kwa sababu kiharusi kingine ni mshipa uliopasuka, na asprini itazidisha damu kuvuja. Kisomo kifanyike garini.

Ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) na papa mkavu tuache?

Pima chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye samaki: isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Ng'onda loweka, mwaga maji, loweka tena, na usiongeze chumvi kwenye mchuzi. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Mwenye kisukari hakatazwi, apunguze tonge na aongeze kisamvu, kunde au mbaazi. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka porini.

Na uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho?

Ni pombe, na pombe hupandisha presha. Kutengenezwa kwa mabibo ya nyumbani hakubadilishi hilo. Sigara acha kabisa.

Kwa wanawake, saratani ipi ya kuangalia kwanza?

Ya mlango wa kizazi. Tanzania inakadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Chanzo chake karibu kila mara ni virusi vya HPV, vinavyopatikana kwa kujamiiana. Kipimo cha siki, ambapo mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, ni cha haraka na kinaonesha mabadiliko kabla hayajawa saratani, ambapo tiba ni rahisi. Wanaoishi na VVU wapime mapema na mara kwa mara, kwani hatari yao ni kama mara sita. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo, na tangu 2024 ni dozi moja.

Nipimeje ili kipimo kisinidanganye?

Kojoa kwanza, kaa dakika tano bila kuongea, egemea kiti, mkono juu ya meza. Usipime ukiwa umeshuka kwenye baiskeli sasa hivi, au umetoka kunywa kahawa. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, utarudia siku nyingine kabla ya kuambiwa una presha. Sukari kabla ya kula chochote asubuhi, ikifika 7.0 (mmol/L), nayo hurudiwa. Na ukiambiwa “uko sawa”, omba namba ziandikwe kwenye daftari lako, ili mhudumu wa mwakani awe na pa kuanzia.