Kuhamisha chakula kutoka makopo ya plastiki kwenda chupa za kioo: maswali na majibu

Je, nitupe vyombo vyote vya plastiki nilivyo navyo?

La. Mchele, sukari na maharage makavu havidhuriki kwenye ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Matata huletwa na joto, mafuta na uchachu. Plastiki ikipata moto hulegea, na kemikali zilizotumika kuitengeneza huvuja kidogo kidogo na kuingia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Mchuzi wa nazi wenye nyanya, ukipakuliwa ukiwa bado unatoa mvuke, unabeba yote matatu. Basi anza na huo, kisha supu, achari, samli na chochote unachopasha moto.

Nitajuaje kipi kiondoke kwanza?

Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale. Namba 5 ndiyo inayostahimili joto vizuri kati ya plastiki za kawaida. Namba 1, ya chupa za maji na soda, hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, kwa hiyo chai ya moto inatosha kuipinda. Ndani ya namba 7 imo ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali inayoiga homoni ya estrojeni mwilini. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na Desemba 2024 ukapitisha marufuku inayogusa vifaa vya chakula kwa jumla.

Kisicho na namba kabisa, kilichopinda au kilichojaa makwaruzo kisikae na chakula. Bakteria hujificha kwenye mikwaruzo hata ukiosha vipi. Ndoo za majarini na aiskrimu zilikusudiwa vitu baridi, zibaki huko.

Chupa nizipate wapi, nazo husafishwaje?

Za jemu, asali na siagi ya karanga zinatosha, mradi mdomo uwe mpana kiasi cha mkono kuingia. Iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, rangi au dawa ya wadudu usiichukue, hata ya bure.

Loweka dakika 30 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ubandue karatasi. Gundi inayong'ang'ania ipake mafuta ya kupikia, subiri kidogo, usugue. Kwa chakula cha kila siku inatosha. Kwa achari, tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, zifunike kwa maji baridi, na zikianza kutokota hesabu dakika 10. Nairobi au Mbeya, ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 100, fanya 15. Zikauke zenyewe, kitambaa cha vyombo huzirudishia uchafu.

Kwa nini chupa hupasuka ukimimina uji?

Upande wa ndani hutanuka ghafla huku wa nje ukiwa bado baridi. Subiri uji upungue moto, suuza chupa kwa maji ya uvuguvugu, uiweke juu ya ubao au kitambaa, si sakafu yenye maji. Usiitoe kwenye friji na kuipeleka moja kwa moja kwenye maikrowevu.

Kwenye friza, maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9. Acha nafasi ya sentimita 3 juu, usikaze kifuniko mpaka chakula kigande, na uepuke chupa zenye mabega, maana hukatikia shingoni. Ikipata ufa, mwaga chakula chote. Kuchuja hakuondoi vipande vidogo.

Kioo huzuia chakula kuharibika?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Chakula kilichopikwa kiingie kwenye friji, nyuzi 5 au chini yake, ndani ya saa 2. Gawa mchuzi kwenye chupa za nusu lita ili upoe haraka. Wali uliwe ndani ya siku moja: mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kupikwa, na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto.

Usiweke kabatini maharage au nyama uliyochemsha na kuifungia kwenye chupa. Kukosa hewa ndiko kunakoipa nafasi bakteria ya botulini, ambayo sumu yake huua. Kitunguu saumu kilichotiwa kwenye mafuta kikae kwenye friji, na kisipite siku 4.

Na vifuniko?

Kifuniko cha bati kina utepe laini wa plastiki ndani, kwa hiyo usijaze hadi kiguse chakula. Ndimu na chumvi hukila. Kikianza kutu, badilisha. Harufu yake huondolewa kwa siki na jua.

Mtoto apeleke chupa ya kioo shuleni?

Hapana, mpe kopo la stili. Ikiwa lipo la plastiki tu, liwe namba 5, na chakula kipoe kabla ya kukipakia.