Je, wajua kwa nini ng'ombe aliyechanjwa huweza kuugua miguu na midomo?

Mfugaji wa Kisauni mwenye ng'ombe wawili wa maziwa uani hushangaa, na ana haki ya kushangaa, anapomwona ng'ombe aliyechanjwa miezi michache iliyopita akitokwa na udende, ulimi umechubuka na kwato zina vidonda. Huamua kwamba alidungwa maji matupu. Mara nyingi sivyo.

Sababu kubwa imo katika virusi vyenyewe. Ugonjwa wa miguu na midomo una aina 7 za virusi, na kinga dhidi ya aina moja haimlindi mnyama dhidi ya nyingine. Nchini Kenya zilizoenea zaidi ni O, A, SAT 1 na SAT 2, na hata ndani ya aina moja virusi hubadilika, kiasi kwamba chanjo ya virusi vya zamani huweza kukosa shabaha. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, haikuwa hivyo: chanjo moja iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, ilitosha kukinga dhidi ya virusi vyake vyote, tena kwa miaka mingi. Chanjo ya miguu na midomo hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Kinga yake hufifia baada ya miezi 4 hadi 6, na mnyama anayechanjwa mara ya kwanza huhitaji kurudiwa baada ya wiki chache.

Halafu kuna joto, ambalo sisi wa Mombasa hatuwezi kulipuuza. Chanjo hii sharti ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi inapodungwa. Ikipata joto, ganda la kirusi, hasa la aina ya O na SAT 2, huvunjika vipande ambavyo mwili hauvitambui ipasavyo. Chupa iliyoachwa juu ya ukuta wa zizi saa saba mchana, watu wakihangaika kumfunga fahali kamba, haibadiliki rangi wala harufu, na dawa iliyokwisha nguvu hudungwa kwa nia njema kabisa.

Ndama naye, akichanjwa mapema mno, kingamwili alizonyonya katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mamaye, huizima chanjo.

Zaidi ya hayo, kinga huchukua siku kadhaa kujengeka, ilhali ugonjwa huweza kujificha mwilini hadi siku 14. Ng'ombe aliyeambukizwa mnadani Jumamosi, akachanjwa Jumatatu, huenda akaugua hata kama dawa ilikuwa nzima na mdungaji hodari.