Je, wajua kwa nini chatu mgeni hugoma kula?

Ulikuwa usiku wa tisa. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kizimba cha kioo, koleo refu mkononi, panya mfu kwenye ncha yake, namchezesha kushoto na kulia kama karagosi. Chatu alinitazama kutoka kwenye boksi lake la kujifichia, akatoa ulimi mara mbili, akarudisha kichwa ndani. Panya akaishia jalalani kama wenzake wanane.

Tunaishi Ohio, Marekani. Mwanangu alitimiza ahadi yake ya alama za shule, nami ikanibidi nitimize yangu: chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius. Waingereza humwita chatu wa kifalme, Wamarekani humwita chatu mpira, kwa kuwa akiogopa hujikunja donge na kukificha kichwa katikati. Mama yangu, aliyeko Tanga, alipopewa habari kwa simu aliuliza swali moja tu: "Kwani huko hakuna mbuzi?"

Imani yangu wakati huo ilikuwa hii: kiumbe asiyekula ama ana njaa inayomzidi ama anaumwa, na dawa ya yote mawili ni kumbembeleza. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akikataa uji, unaongeza sukari. Basi kila jioni nilimletea panya. Akikataa, namtoa na kumpakata dakika ishirini ili atuzoee. Siku ya nne nikalisogeza boksi lake karibu na kioo tumwone vizuri. Siku ya sita nikabadilisha aina ya panya. Kila nilichofanya ili ale ndicho kilichokuwa kinamzuia kula.

Kosa la kumpakata lilinichukua muda kulikubali, maana mkononi alitulia tuli, nami nikasema huyu mpole. Kumbe kutulia ni mojawapo ya njia zake za kuogopa. Porini, kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, chatu hawa hushinda mchana katika mashimo ya panya na kwenye vichuguu. Kitu kikubwa chenye joto kinachomng'oa shimoni kwa kawaida hakijaja kumsalimia. (Wako wanaoheshimiwa zaidi: mjini Ouidah, Benin, chatu wa aina hiyohiyo wana hekalu lao, huachiwa watembee, na anayemkuta nyumbani kwake humrudisha kwa adabu. Nilimsimulia mama. Hakushawishika.)

Kosa la njaa ndilo kubwa zaidi. Chatu mpira mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, na porini wakubwa hufunga hivyo msimu wa kuzaana. Ili kuelewa anawezaje, tazama tumbo.

Tumbo la binadamu ni kama jiko la hoteli ya stendi. Wateja huingia tangu alfajiri, kwa hiyo moto hauzimwi. Hata pasipo mteja, makaa yanakula pesa. Tumbo la chatu ni jiko la shughuli. Harusi ikiisha, masufuria huoshwa na kugeuzwa kifudifudi stoo, mafiga huachwa uani yapoe, akina shangazi hurudi makwao. Nyumba inaweza kukaa hivyo muda mrefu bila hasara kubwa. Ila siku shughuli nyingine ikitangazwa, kazi ni nzito kabla punje moja ya mchele haijaiva: kuni, maji, sufuria za kuazima, watu wa kuamshwa.

Waliopima chatu wa Burma waliikuta kazi hiyo kwa tarakimu. Akiwa hajala, pH ya tumbo lake (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi ukali) ni karibu 7, kama maji tu. Akimeza mnyama, ndani ya siku moja hivi inashuka hadi karibu 2. Utumbo mwembamba huongezeka uzito karibu maradufu. Matumizi ya nishati, akila mlo mkubwa, yanaweza kupanda zaidi ya mara 40, naye amelala palepale. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha kwamba hata misuli ya moyo huongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48. Mwaka 2011 timu ya Leslie Leinwand wa Chuo Kikuu cha Colorado ilionyesha kuwa asidi fulani za mafuta zinazopatikana katika damu ya chatu aliyeshiba, zikidungwa kwa panya wa maabara, hukuza mioyo yao pia. Angalau mara moja panya amefaidika na chatu.

Hapa nipunguze mwendo. Hao ni chatu wa Burma, majitu ya Asia. Waliorudia kipimo cha moyo hawakuona ukuaji huo kila mara. La utumbo lina ushahidi imara zaidi. Chatu mpira naye huzima na kuwasha tumbo lake, ila usimbandike tarakimu za mwenzake.

Kuni za jiko hili ni za chatu mwenyewe, lakini kiberiti kiko nje. Mwili wake hautengenezi joto la kujitosheleza. Hulichota ardhini, kwenye jiwe au kwenye taa. Akimeza panya kisha baridi ikaingia, moto unafifia pilau ikiwa nusu. Panya mzima aliye tumboni hasubiri. Anaoza, na chatu humtapika. Mimi joto la kizimba nililipima kwa kiganja. Siku ya kumi nilinunua kipimajoto: upande wa joto ulikuwa nyuzi 27 za Selsiasi. Ulipaswa kuwa 31 au 32, na upande wa pili 25 hivi.

Kwa hiyo mgomo wa mgeni nauona kama hesabu: hajui pako salama, hajui joto litadumu, na kusubiri hakumgharimu sana. Hiyo ni tafsiri yangu. Chatu mwenyewe hajahojiwa.

Tulichobadilisha ni kidogo. Maficho mawili yanayombana, moja kila upande. Taa yenye kidhibiti joto. Hakuna kumshika. Baada ya wiki nzima, panya mmoja tu kwa wiki, aliyeyeyushwa barafu na kupashwa hadi joto la mwili, kwa sababu midomo ya chatu ina vishimo vinavyohisi joto na panya baridi kwake ni kama kipande cha gogo. Jumapili tunampima kwenye mizani ya jikoni. Akipungua zaidi ya asilimia 10, au akihema mdomo wazi na kutoa mapovu, hapo ni daktari wa mifugo anayewajua nyoka. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, usimsumbue: anajivua gamba, la kweli, si la kisiasa. (Msomaji wa Kenya, anza na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya taa.)

Usiku wa ishirini na sita tulimwekea panya, tukazima taa ya sebule na kwenda kulala. Asubuhi panya hakuwepo, na katikati ya chatu palikuwa na uvimbe. Mwanangu akanyoosha mkono kufungua mlango wa kioo amguse. Nikamshika kiwiko: saa 48 kwanza, jiko limewaka.