Je, wajua kwa nini bingwa wa soka wa Brazil wa 1987 aliamuliwa mahakamani?

Muulize shabiki wa Flamengo, klabu ya Rio de Janeiro, nani alibeba ubingwa wa Brazil mwaka 1987, atakutajia nyota wake Zico na Bebeto, na uwanja wa Maracanã. Muulize mtu wa Recife, kaskazini mashariki mwa nchi, atakujibu neno moja: Sport. Sheria imesimama na mtu wa Recife.

Sport Club do Recife ilianzishwa tarehe 13 Mei 1905 na Guilherme de Aquino Fonseca, aliyeupenda mpira akiwa masomoni Uingereza. Jezi ni nyekundu na nyeusi, nembo ni simba, nyumbani ni Ilha do Retiro. Jimboni Pernambuco ni klabu kubwa kabisa. Machoni pa vigogo wa Rio na São Paulo ilikuwa timu ya mkoani tu, na hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Mwaka 1987 shirikisho la soka la Brazil, CBF, lilitangaza kwamba halina fedha za kuendesha ligi. Klabu 13 zenye mashabiki wengi zikaungana kwa jina la Clube dos 13, zikatafuta wadhamini na televisheni, zikaalika Coritiba, Goiás na Santa Cruz ili zitimie 16. Mashindano yakaitwa Copa União. Kasoro ni kwamba waliitana kwa ukubwa wa jina, matokeo ya uwanjani yakawekwa kando. Guarani ya Campinas, iliyoshika nafasi ya pili msimu wa 1986, iliachwa nje. América ya Rio, iliyofika nusu fainali msimu huohuo, nayo nje. Santa Cruz, watani wa Sport pale pale Recife, wakaingia. Sport wakabaki mlangoni.

CBF ikarudi mezani na mpango wake. Kundi la vigogo likaitwa Moduli ya Kijani, na klabu nyingine 16 zikawekwa kwenye Moduli ya Njano, ingawa América iligoma kucheza. Kanuni ilisema timu mbili za juu za kila upande zikutane katika kundi la mwisho la timu nne, na humo wapatikane bingwa na wawakilishi wa Brazil katika Copa Libertadores, mashindano ya klabu bingwa za Amerika Kusini. Vigogo walidai hawakuikubali kanuni hiyo, lakini hawakuweza kuifuta.

Kwenye fainali ya upande wa Kijani, Flamengo iliifunga Internacional 1-0 tarehe 13 Desemba 1987, bao la Bebeto, baada ya sare ya 1-1 Porto Alegre. Upande wa Njano mambo yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Katika fainali Guarani ilishinda 2-0 kwao, Sport ikajibu 3-0 Recife. Ungedhani Sport wamepita kwa jumla ya mabao, lakini mabao hayakujumlishwa: kila mmoja alihesabiwa ameshinda mechi moja. Muda wa nyongeza haukutoa bao, wakapigiana matuta mpaka 11-11, kisha wakakubaliana kuacha. Timu zote mbili zilikuwa zimeshafuzu kundi la mwisho, kwa hiyo hakukuwa na cha kufia. Baadaye Guarani iliwaachia Sport taji hilo la Njano.

Kundi la mwisho likafika, Flamengo na Internacional hawakutokea. Sport na Guarani wakapewa ushindi wa mezani, kisha wakamalizana wao kwa wao: 1-1 Campinas, halafu 1-0 Recife tarehe 7 Februari 1988, bao la Marco Antônio. Hao wawili ndio walioiwakilisha Brazil kwenye Libertadores ya 1988.

Ukitazama majina uwanjani, Kijani kilikuwa kizito zaidi, hilo halibishaniwi. Ila hakimu hapimi vipaji. Hoja iliyowabeba Sport ilikuwa kavu: kanuni za mashindano yaliyokwisha kuanza haziwezi kubadilishwa bila klabu zote kuafiki, na hazikuafiki. Mahakama ya shirikisho huko Pernambuco iliwapa Sport ushindi mwaka 1994. Mwaka 2011 CBF ilijaribu kuwatangaza Flamengo mabingwa wenza. Mahakama ikailazimisha kufuta. Aprili 2017 jopo la Mahakama ya Juu ya nchi likaitupa rufaa ya Flamengo kwa kura 3 dhidi ya 1.

Mbona wang'ang'anie miaka yote hiyo? Pamoja na heshima, kulikuwa na kombe, Taça das Bolinhas, lililoahidiwa klabu ya kwanza kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo au mara tano kwa jumla tangu 1975. Flamengo walishinda 1980, 1982, 1983 na 1992. Ongeza 1987, wanafika tano mwaka 1992. Iondoe, kombe linakwenda kwa São Paulo, waliotimiza la tano mwaka 2007.