Mitaa ya Dodoma itokee upande wa pili kabla bikoni za mipaka ya viwanja hazijawekwa

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Watu hao hawakubanana katikati ya mji. Wengi wamejenga pembezoni: Nzuguni, Mkonze, Nala, na kuelekea Mtumba ulipo Mji wa Serikali. Mji kupanuka si kosa. Kosa ni shamba moja moja kupimwa viwanja peke yake, likapewa mdomo mmoja wa kuingilia, na mitaa yake ikagota kwenye ua wa jirani.

Hapo mliyepakana naye kwa nyuma, mita 60 tu, unamfikia kwa kuzunguka mita 900. Lori la mchanga likikwama mdomoni, zimamoto haina pa kupita. Hata maji yanaathirika: bomba linalofuata mtaa uliogota hukusanya tope mwishoni, na likipasuka, wote walio mbele yake wanakauka. Mabomba yaliyoungana kwa mzunguko hufungwa valvu mbili tu, wengine wakaendelea kupata maji kutoka upande wa pili.

Kupima hali ya eneo hakuhitaji kompyuta. Chukua mchoro wa mipango miji, hesabu makutano yote pamoja na miisho ya mitaa iliyogota. Kisha hesabu vipande vya barabara kati ya pointi hizo. Gawanya vipande kwa pointi. Mitaa inayokatizana, makutano 4 kwa 4, ina pointi 16 na vipande 24, yaani 1.5. Pointi hizohizo 16 zikipangwa kama matawi ya mti zinapata vipande 15, chini ya 1. Wapangaji wengi huona 1.4 kuwa kiwango cha chini kinachoridhisha. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, nayo inashauri angalau kilomita 18 za mitaa kwa kila kilomita ya mraba.

Ukaguzi huu ufanyike mchoro ukiwa bado rasimu. Nyumba hubomolewa ikajengwa upya, lakini mstari wa mtaa ukishazungukwa na hati, nguzo na mabomba, kuuhamisha kunadai fidia, na fidia ndiyo inayokwamisha kazi. Kwa hiyo, wakati wa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyoota bila mpango, kamati ya mtaa iweke mchoro wake kando ya ule wa eneo jirani na kuuliza kila mtaa uliogota ungetokea wapi.

Palipokwisha kujengwa, iachwe angalau njia ya miguu ya mita 3, iandikwe kwenye mchoro kuwa njia ya umma. Uwazi usioandikwa huwekewa uzio, tena upesi.

Makorongo yetu yanataka uangalifu zaidi. Barabara za ng'ambo mbili zipangwe zikitazamana hata kama fedha ya kalavati haipo mwaka huu. Zikipishana mita 40, siku kalavati likija litapita kwenye kiwanja cha mtu.