Mashine kutolia hakumaanishi rangi imeshika

Wiki iliyopita nipo Nzega, kwenye bomba la chuma lililopakwa rangi, naambiwa tena: "Mama, mashine haijalia hata mara moja. Rangi imeshika." Nimechoka. Mashine ya volti, ile inayopitishwa juu ya rangi, inatafuta tundu, basi. Cheche ikipata njia ya kufika kwenye chuma, inalia. Rangi iliyokaa juu ya vumbi kama shuka juu ya godoro haina tundu, kwa hiyo mashine inapita kimya.

Kushika kunapimwa kwa kung'oa. Kwa rangi ya epoksi, gandisha doli (kipande kidogo cha chuma chenye kitako bapa) juu ya rangi, acha gundi ikauke, kata pembeni, vuta. Hayo mnayajua. Kinachoniudhi ni ripoti iliyoandikwa "megapaskali 14", yaani nguvu ya kuvuta kwa eneo, halafu kimya. Imeachia wapi? Kama ni gundi, umepima gundi yako. Kuhusu rangi unajua tu kwamba haipungui 14. Kama rangi imepasuka katikati, nusu imebaki kwenye chuma, basi imeshika chuma kuliko inavyojishika yenyewe. Lakini doli likiondoka na rangi yote, chuma kikabaki uchi, namba kubwa hainipi usingizi. Afadhali 9 iliyopasuka katikati kuliko 14 ya namna hiyo. Geuza doli, tazama kitako chake! (Polietilini ya tabaka tatu, lile koti la plastiki, usiibandike doli, gundi haiishiki. Chana ukanda, uuvute.)

Halafu lipo jaribio la siku 28 la kuona rangi inabanduka kiasi gani: tundu la milimita 6 kwenye rangi, maji ya chumvi asilimia 3, volti hasi 1.5. Umeme uleule unaowekwa kwenye bomba kukinga chuma na kutu ndio unaozalisha alkali kali mdomoni mwa tundu, na rangi inaanza kubanduka kuanzia hapo. Mwisho unachana kwa kisu na kuinua mpaka rangi igome. Igome kwa mkono wa nani? Bamba moja, mimi nilipata milimita 5, kijana wangu wa maabara akapata 8. Yeye ana kisu kipya na hasira. Tuliandika zote mbili. Na chumvi ya mwezi mmoja itaniambia nini kuhusu miaka 30 kwenye mbuga ya Igunga, udongo unaopasuka kiangazi, unavimba masika, na kila mara unalivuta koti la bomba? Mimi hulitumia kulinganisha rangi na rangi. Kutabiri umri, hapana.

Pale Nzega tulivuta madoli matano. Matatu yaliondoka na rangi yote, nyuma yake unga wa kahawia wa kutu. Walisafisha chuma kwa kukipiga mchanga asubuhi, wakapaka jioni, na mchana manyunyu yalipita.

Tuliporudisha mashine juu ya rangi iliyobaki, haikulia.